Macho hayapimi maji

Kila mvua ya Ganna, masika yetu, inapokatika na jua la Isiolo kurejea kwa ukali wake, picha zile zile huanza kuzunguka kwenye simu. Silanga fulani imegeuka kijani. Anayepiga picha husogea hadi ukingoni, pale ukoga ulipojikusanya, na sauti yake husikika ikionya watu wasinyweshe mifugo hapo kwa kuwa maji yana sumu. Kufikia jioni picha imefika Merti, Kinna, Garbatulla na Modogashe. Njiani imepoteza jina la mahali ilikopigwa, na mama aliye Sericho anabaki kujiuliza kama bwawa linalosemwa ndilo alilochota asubuhi.

Siku hiyo hiyo, mjini Isiolo, mitaani Bulapesa na Kiwanjani, mkokoteni wa punda unasimama na mitungi yake. Mnunuzi anafungua kifuniko, anauinamisha mtungi kidogo, anachungulia. Maji ni maangavu. Analipa. Hakuna anayeuliza maji yametekwa wapi wala mtungi ulibeba nini wiki iliyopita.

Huyo anayekimbia kijani na huyu anayeamini maji maangavu wanafanya kosa moja. Wote wameyapa macho kazi ya maabara. Nami nasema wazi: sehemu kubwa ya ukijani tunaouogopa haina madhara kwa mtu wala mnyama, sehemu ndogo inaua, na hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa picha ya simu. Upande wa pili, kuna maji maangavu kabisa yaliyowahi kuzika watoto katika nchi hii. Kaunti inayotuachia sisi wenyewe kazi ya kubahatisha inatugharimu fedha, mifugo, muda wa akina mama na, mara nyingine, amani kati ya majirani.

Kinachoota majini

Tuanze na huo ukijani wenyewe. Mwani ninaouzungumzia ni viumbe vidogo mno, vingi havionekani mpaka vijikusanye kwa mamilioni. Hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kutoa hewa ya oksijeni. Karibu nusu ya oksijeni inayozalishwa duniani hutokana na viumbe vya aina hii vilivyo majini, wala haitoki misituni. Ili vistawi vinahitaji mwanga, joto na mbolea, na Isiolo inavyo vyote hivyo.

Mbolea inatoka wapi, mtu atauliza, ilhali sisi si wakulima wa kumwaga mifuko shambani? Tazama njia ya maji ya mvua kabla hayajaingia bwawani. Hupita bomani, hupita malishoni palipolala mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia miezi yote ya kiangazi, yakisomba samadi, majivu ya mioto ya zamani, majani makavu na mabaki ya mizoga. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutupa mvua ya kutosha, mifugo ikafa kandokando ya njia. Kisha mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Nino na kusomba kila kilichokuwa juu ya ardhi. Vyote hivyo ni chakula cha mwani. Bwawa linalogeuka kijani baada ya mvua kama hizo linatuambia tu kwamba limeshiba samadi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hulipindua. Maji yanapoingia bwawani siku ya mvua huwa ya kahawia, mazito kwa udongo. Tunayachota bila wasiwasi kwa kuwa ndiyo rangi tuliyozoea tangu utotoni. Baada ya wiki chache udongo hutulia chini, mwanga wa jua hupenya, na hapo ndipo mwani hupata nafasi yake. Kwa hiyo kijani mara nyingi huja wakati maji yameanza kutakata. Yale ya kahawia ya siku ya kwanza, yaliyotoka kupita juu ya kinyesi kibichi cha mifugo na cha watu, kwa kawaida ndiyo yenye vijidudu vingi vya kuhara. Lakini hayo hayajawahi kupigwa picha na kusambazwa kwa onyo.

Ukitaka kuuona mwani huu kwa karibu huna haja ya kwenda silangani. Chukua mtungi wa njano wa lita ishirini uliokaa juani nje ya manyatta kwa majuma. Mulika ndani. Utaona kuta zake zimeshika utando wa kijani, laini ukiugusa, mzito zaidi upande ule ulioelekea jua. Mama wa hapa anajua dawa yake: anatia mchanga na changarawe na maji kidogo, anafunga kifuniko, anautikisa mtungi huku na huku mpaka mkono uchoke, anamwaga, anasuuza. Utando unatoka na mchanga. Mjini ni hivyo hivyo kwenye matangi. Tangi jeupe linalopitisha mwanga huota kijani ndani, tangi jeusi halioti, kwa kuwa palipo na giza mwani hauishi. Utando huo peke yake haujamlaza mtu hospitalini. Ubaya wake ni kwamba ukiachwa unakuwa maficho ya vijidudu vingine, ndiyo maana mama yule ana haki ya kuusugua.

Na wanaotembea Buffalo Springs wanalijua dimbwi lile lililojengewa ukuta wa mawe, ambalo inasimuliwa kuwa lilichimbuliwa na bomu la ndege ya Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Maji yake hutoka ardhini yakiwa maangavu. Mawe yake huota ukoga wa kijani kama mawe ya chemchemi yoyote ile. Wageni huteremka kuogelea, hushika ukuta wasiteleze, hufurahia maji. Kwa nini basi ukoga wa aina hiyo hiyo ukionekana katika bwawa la wafugaji, tunatangaza sumu?

Mchanga uliobadilika rangi

Hofu hii si yetu peke yetu. Tuna ndugu na watoto wanaofanya kazi Mombasa, Diani na Malindi, nao wanaweza kusimulia yanayotokea ufuoni msimu wa kaskazi. Bahari inapotulia na kupata joto, juu ya maji huonekana mistari mirefu ya kitu kinachofanana na vumbi la mbao. Wanasayansi wamekiandika katika bahari ya Kenya, ya Zanzibar na ya Dar es Salaam, wakakiita Trichodesmium. Mawimbi yakikisukuma ufuoni hukipaka mchanga mweupe rangi ya kahawia, na kinapooza hunuka. Mgeni aliyelipia chumba kinachotazama bahari huamini kuna meli imemwaga mafuta au hoteli imefungulia maji taka. Kumbe ni kiumbe kinachovuta naitrojeni kutoka hewani na kuirutubisha bahari ambayo ingekuwa na chakula kidogo. Samaki hunufaika nacho.

Huko Cape Town, kwenye ufuo wa Muizenberg, jambo hili limekuwa la kawaida. Mawimbi hugeuka kahawia, povu hujaa, na watu hupiga simu kulalamika kwamba jiji limeachilia kinyesi baharini. Kinachoonekana ni mwani mdogo uitwao Anaulus australis. Mchana hushikamana na vipovu na kuelea penye mawimbi, usiku hushuka na kulala mchangani. Ni chakula cha kombe na viumbe wengine waishio kwenye mchanga huo. 

Nimeutaja ufuo huo kwa sababu ya jambo moja. Mkazi wa Muizenberg akiona maji ya kahawia ana mahali pa kuuliza. Jiji hupima maji ya fukwe zake na kutangaza matokeo, na mara nyingi limelazimika kueleza kwamba rangi ile ni mwani usio na madhara. Siku ambayo kweli ni maji taka, matokeo yatasema hivyo. Hofu ya mwananchi inapata jibu. Ya mfugaji wa Malkadaka inapata jibu kwa nani?

Hata hapa Kenya tunaishi na mwani kwa faida kuliko tunavyokiri. Ziwa Turkana linapata ule ukijani wake mashuhuri kwa sababu ya mwani. Heroe wanaoleta watalii Nakuru na Bogoria hula spirulina, kiumbe kidogo cha kijani kinachostawi katika maji ya magadi, na uwaridi wa manyoya yao hutokana na chakula hicho. Kando ya Ziwa Chad, wanawake wa Kikanembu huikusanya spirulina hiyo hiyo, huikausha juu ya mchanga, huikata vipande na kuipika pamoja na mboga. Wanaiita dihé, nayo imewalisha vizazi na vizazi. Maji ya kijani yamewalea watoto wao.

Kijani kinachoua

Sasa nije kwenye ile sehemu ndogo, maana mwandishi anayewaambia watu wasiogope kitu kinachoua ana damu mikononi.

Kuna jamii ya viumbe iitwayo sayanobakteria. Kwa macho hufanana na mwani, na hata spirulina ni wa ukoo huo. Lakini baadhi yao, hasa Microcystis, wanaweza kutoa sumu inayoshambulia ini, na wengine sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Wakazi wa Kisumu na Homa Bay wanawafahamu: ndio wanaoifanya Ghuba ya Winam ionekane kama imemwagiwa rangi ya kijani. Huko Botswana, mwaka 2020, zaidi ya ndovu 300 walikufa katika eneo la Okavango. Watu walishuku majangili, lakini pembe zilikuwa hazijaguswa. Mwezi wa Septemba serikali ya nchi hiyo ikatangaza kwamba sumu ya sayanobakteria katika mabwawa waliyokunywa ndiyo iliyowaua. Mabwawa yale hayana tofauti kubwa na haya yetu, na ndovu wa Isiolo hunywa mahali pamoja na ng'ombe wetu. Kule Caruaru, Brazil, mwaka 1996, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walipoteza maisha baada ya maji yenye sumu hiyo kutumika kuwasafishia damu.

Jambo la kukumbukwa kuliko yote ni hili: kuchemsha hakuondoi sumu ya Microcystis. Moto huua kiumbe chenyewe, ganda lake likapasuka, na sumu iliyokuwa ndani ikamwagika majini. Dawa ya klorini tunayotia kwenye mtungi huua vijidudu vya kuhara, lakini haiwezi kutegemewa kuondoa sumu hiyo. Mama aliyefundishwa kliniki kwamba maji yaliyochemshwa ni salama amefundishwa ukweli kuhusu kipindupindu na homa ya matumbo. Kuhusu hili hajafundishwa chochote, naye hana kosa.

Upepo nao huleta mkanganyiko wake. Ukoga unaoelea husukumwa upande mmoja wa bwawa, ukawa mzito huko. Kundi la mbuzi lililonyweshwa upande huo linaanguka, na lile lililonyweshwa upande wa pili, saa ile ile, linarudi bomani salama. Asiyejua sababu atasema mwenye mbuzi waliokufa ana adui. Kuna pia samaki. Mwani ukiwa mwingi kisha ukafa kwa pamoja, kuoza kwake humaliza oksijeni ya maji, na alfajiri kambare wanakutwa wakielea matumbo juu. Hapo hapana sumu yoyote, wamekosa pumzi. Lakini anayewaona atapiga picha, na tunarudi kule kule.

Fimbo na chupa

Mchungaji ana kipimo cha kwanza mkononi mwake. Ni fimbo. Aitumbukize penye ukoga, aizungushe, aiinue taratibu. Kama kinachotoka kinaning'inia kwa nyuzi ndefu, nyuzi zinazoweza kushikwa na kuvutwa, huo ni mwani wa kawaida, na kwa kawaida hauna sumu. Kama fimbo inatoka imepakwa rangi, kijani au samawati, laini kama mafuta ya rangi ya ukutani, wala hakuna uzi wa kushika, basi aondoe mifugo na aende kutoa habari. Asiushike kwa mkono mtupu, na mbwa asiachwe kulamba ukingoni, kwa kuwa mbwa ndio hufa kwanza mara nyingi.

Kipimo cha pili ni chupa ya plastiki isiyo na rangi. Ijazwe maji ya bwawani hadi karibu robo tatu, ifungwe, iachwe mahali penye kivuli usiku kucha bila kutikiswa. Asubuhi, ukijani ukiwa umezama chini, hakuna sababu kubwa ya hofu. Ukiwa umepanda na kufanya pete juu ya maji, hiyo ni dalili ya sayanobakteria, ambao wana vijifuko vya hewa vinavyowaelesha juu.

Vipimo hivi viwili ni vya kushuku tu. Havisemi kama sumu ipo wala ni kiasi gani, na hakuna mahali niliposema maji ya bwawa yanywewe bila kutiwa dawa. Hata yakiwa na mwani mzuri kabisa, yamepitiwa na mifugo. Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka 12 anayechunga mbuzi Kulamawe anaweza kujifunza jambo hili mchana mmoja, na mpaka leo hatujamfundisha. Tunamfundisha shuleni sehemu za ua ambalo hajaliona.

Uzuri wa mkakasi

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Maji maangavu yanapewa sifa ambazo hayajazifanyia kazi. Chumvi haina rangi. Floridi, ambayo imeyageuza kahawia meno ya watoto wengi katika Bonde la Ufa, haina rangi. Kipindupindu hakina rangi: mlipuko uliotangazwa nchini Oktoba 2022 ukaenea kaunti nyingi haukuhitaji maji ya kijani hata tone.

Sisi wa kaunti hii tuna utajiri mkubwa chini ya miguu yetu, hazina ya maji ya Merti, inayonyooka mashariki kuelekea Dadaab na mpaka wa Somalia. Katikati yake maji ni matamu. Kadiri unavyokwenda pembezoni chumvi huongezeka, na visima vilivyochimbwa huko hutoa maji yanayong'aa ambayo hayakati kiu. Ukiyatia kwenye glasi, hutaona tofauti.

Na hata maji yaliyotoka salama bombani huharibikia nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mkono wa mtoto unaozamisha kikombe mtungini, kifuniko kilichoanguka mchangani kikarudishwa, mtungi uliobeba mafuta ya taa mwezi uliopita: hayo hayabadilishi rangi, nayo yanajaza watoto katika zahanati zetu kuliko mwani wote wa mto Ewaso Nyiro. Tunapeleka hofu mahali penye rangi kwa sababu rangi inaonekana.

Gharama ya hofu

Nasikia pingamizi, na lina uzito. Kuna wanaosema afadhali watu waogope kijani chote kuliko kuambiwa kipo kisicho na madhara, mmoja akakosea, akafa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na jamii iliyozika mifugo yake juzi ina haki ya kushtuka.

Lakini hebu tuihesabu hofu hiyo kwa familia moja. Mama aliyekuwa akichota karibu na boma sasa anapita bwawa lile akaenda mbele, kwa miguu, na msichana wa darasa la sita anaachwa nyumbani kuwatazama wadogo zake. Baba anahamisha mifugo kabla ya wakati, anaingia malishoni kwa watu wengine wakati mazungumzo ya kugawana nyasi hayajakamilika. Wenye uwezo wanachangishana kuleta lori la maji, nalo linakuja na maji ambayo hakuna aliyepima, yakapokewa kwa shangwe kwa kuwa yanang'aa. Asiye na uwezo anakunywa yale yale ya kijani kwa moyo mzito, akiamini anajiua. Kesho bwawa linapotulia na hakuna aliyekufa, onyo linalofuata halitasikilizwa, hata likiwa la kweli. Hii ndiyo hasara ninayoiogopa zaidi. Kengele ikilia kila siku, siku ya moto watu hubaki wamelala.

Halafu kuna jambo ambalo huwa tunalinong'ona tu. Isiolo ni nyumbani kwa Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali na wengine, na historia yetu ya kugombania visima inajulikana. Neno "sumu" likitamkwa juu ya maji, swali linalofuata ni nani ameitia. Kaunti nyingine zinaweza kuuchukulia uvumi huo kwa wepesi. Sisi hatuwezi. Siku bwawa la mpakani litakapogeuka kijani, matokeo ya maabara yaliyotangazwa haraka yatafanya kazi ambayo askari kumi hawataiweza.

Nani apime?

Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti huduma za maji. Sheria haisemi maji yanayopendeza macho. Inasema salama, na usalama hujulikana kwa kupima.

Wazee wetu waliuelewa msingi huu kabla ya kaunti kuwapo. Katika dedha, utaratibu wa Waborana wa Waso wa kusimamia malisho na maji, kisima kilikuwa na aba herega, msimamizi wa zamu, aliyeamua nani anywe lini na mifugo inyweshewe wapi. Maji yalimiminwa kwenye hori, mifugo haikuingia chanzoni. Hapo ndipo penye tiba ya nusu ya ukijani wetu. Bwawa lenye uzio, lenye hori pembeni, lenye kidimbwi cha kunasa udongo na samadi kabla maji hayajaingia, litapata mwani kidogo kwa kuwa halitalishwa. Ng'ombe anayesimama majini hadi tumboni huku akinywa anaacha chakula cha mwani papo hapo. Isiolo ilikuwa ya kwanza kujaribu, mwanzoni mwa miaka ya 2010, mfuko wa kukabili mabadiliko ya tabianchi ambao uliwapa wazee wa dedha sauti katika kuchagua miradi ya maji. Kwa hiyo hatuanzi kutoka sifuri.

Wapo pia wahudumu wa afya ya jamii. Mwezi wa Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu wapatao 100,000 nchini mikoba ya kazi. Hao wanaingia kila boma. Waongezewe chupa ndogo za kupima uchafu wa kinyesi, zile zenye karatasi inayogeuka nyeusi baada ya siku moja au mbili maji yakiwa machafu. Ni kipimo cha bei ndogo, hakitaki umeme wala jokofu. Wafundishwe kipimo cha fimbo. Wapewe namba ya mtu mmoja tu katika idara ya maji ambaye akipigiwa atakuja na kuchukua sampuli, na jibu lirudi kwa redio zetu katika lugha ambazo watu wanazungumza, kabla picha ya simu haijafika Garbatulla.

Na kuna hili la bwawa kubwa la Crocodile Jaws, ambalo limependekezwa kwenye Ewaso Nyiro mpakani na Laikipia, likihusishwa na ndoto ya kuufanya Isiolo mji wa mapumziko. Mabishano yake yamekuwa juu ya kiasi cha maji: nani atapata, nani atakauka, kinamasi cha Lorian kitabaki na nini. Ni mabishano halali. Lakini mto huo unapita kwanza kwenye nchi ya mashamba ya maua na mboga za kuuza ng'ambo, penye mbolea nyingi. Ukiyasimamisha maji hayo chini ya jua la Isiolo, miezi kwa miezi, bila kujali kinachoingia kutoka juu, utakuwa umewajengea sayanobakteria makazi. Bwawa la Hartbeespoort huko Afrika Kusini lilijengwa kwa matumaini makubwa, na leo linajulikana zaidi kwa kijani chake kisichokwisha.

Kila kaunti inatakiwa kufikisha makadirio ya bajeti yake kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kabla ya kupitishwa mwishoni mwa Juni wananchi wana haki ya kusikilizwa. Vikao vya kuwasikiliza hufanyika hapa mjini, Merti na Garbatulla. Kwa kawaida tunakwenda kuomba visima vipya, nasi tunavihitaji. Safari hii kila kijiji chenye silanga kiulize mambo matatu na yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: ni shilingi ngapi zimetengwa kupima maji tuliyo nayo tayari, ni afisa gani atakayepokea simu kutoka bwawani, na ndani ya siku ngapi matokeo yatasomwa kwenye redio.